Tairi Tulivu kwa Njia ya Kutulo: Mwongozo kwa Mwenye Prado, V8, Lexus au Range Rover

Gari kubwa la kifahari hununuliwa kwa ajili ya utulivu wake. Lakini matairi liliyokuja nayo yakiisha, wengi wetu hununua mapya kwa kutazama mambo mawili tu: bei na ukali wa sura. Baada ya hapo gari linavuma kutoka Mwingi hadi Garissa, usukani unatetemeka, na mama uliyemtoa Kutulo kumpeleka hospitali anafika Nairobi akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Fundi anaambiwa abadilishe shoki. Shoki zinabadilishwa, mvumo unabaki palepale, kwa sababu shoki hazikuwa na kosa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeendesha gari la aina hiyo kati ya Nairobi na Kutulo, au kati ya Kutulo na Wajir, Elwak na Mandera. Njia hiyo ina kila kitu. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni lami ya takriban kilomita 370. Ukipanda kaskazini kupitia Modogashe hadi Wajir, kisha Tarbaj, ndipo ufike Kutulo, unakutana na lami mpya, murram yenye vijituta, mawe ya chokaa, mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, na tope zito mvua za gu (masika) na deyr (vuli) zikinyesha. Mradi wa kuweka lami kati ya Isiolo na Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha kuufadhili mwaka 2020, unapita hapa Kutulo, na una urefu wa zaidi ya kilomita 700. Lami inakuja kwa vipande. Tairi lako basi linatakiwa linyamaze kwenye lami na lisife kwenye mawe, siku hiyohiyo.

Linapatikana, ila si rahisi kulipata kwa kumwambia muuzaji "nipe ile nzuri."

KELELE HUTOKA WAPI

Ukielewa sehemu hii utaweza kulihukumu tairi dukani kwa macho yako mwenyewe.

Kwanza, meno ya tairi hugonga barabara. Meno makubwa yaliyopangwa kwa umbali sawa hugonga kwa mapigo sawa, na mapigo sawa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hugeuka kuwa mvumo mmoja mrefu unaoingia kichwani. Watengenezaji wazuri huchanganya meno marefu na mafupi ili mapigo yasilingane, na mvumo ukavunjika.

Pili, hewa hubanwa ndani ya mifereji ya tairi kila linapogusa lami, kisha hutoka kwa nguvu. Mifereji mipana iliyokata kutoka katikati hadi ukingoni hutoa kelele nyingi kuliko ile inayozunguka tairi kwa urefu.

Tatu, hewa iliyo ndani ya tairi yenyewe hutoa mwangwi tairi linapopiga shimo au kiungo cha daraja. Ndiyo sababu baadhi ya matairi ya magari ya kifahari hubandikwa povu kwa ndani. Povu hilo hufanya kazi vizuri mjini London. Kwa njia yetu lina shida: fundi wa pancha lazima akate povu ndipo aweke kiraka, na wengi hawajawahi kuliona. Kama Range Rover yako ilikuja na matairi ya povu, si lazima uyarudie.

Nne, mtetemo hupanda kutoka kwenye tairi, kupitia rimu na mikono ya gari, hadi kwenye kiti. Huu ndio unaochosha mgongo, na dawa yake kubwa ni ubavu mrefu wa tairi. Tutaurudia.

JOTO LINAUA TAIRI, NA UPEPO MDOGO HUSAIDIA JOTO HILO

Kuna njia moja ya mkato ya kupata ulaini ambayo nakuomba uiache kabisa: kupunguza upepo na kwenda hivyohivyo kwenye lami.

Tairi lenye upepo mdogo hukunjika zaidi kila linapozunguka. Kukunjika huzaa joto. Joto hilo likiongezwa juu ya joto la lami ya adhuhuri ya Garissa au Wajir, na uzito wa gari la tani mbili na nusu lililojaa watu na mizigo, raba huanza kuachana na nyuzi za chuma zilizo ndani. Uso wote wa tairi unaweza kubanduka gari likiwa kwenye kasi.

Dunia ilipata somo hili kwa gharama ya maisha ya watu. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Matairi hayo yalikuwa yakibanduka uso, na gari refu linapinduka. Chanzo hakikuwa kimoja. Kulikuwa na lawama za muundo na za kiwanda, lakini joto na upepo mdogo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa sana, kwa sababu Ford ilikuwa imependekeza upepo wa psi 26 tu kwa gari hilo na ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto. Mwaka mmoja kabla, 1999, Ford ilikuwa tayari imeanza kubadilisha matairi ya magari hayo Saudi Arabia, nchi yenye jua na barabara ndefu zilizonyooka. Hali ya huko si mbali na ya kwetu.

Ulaini basi uutafute katika kipimo cha tairi, aina yake na umri wake. Upepo uache kama ulivyoandikwa, ila pale nitakapokuambia ushushe.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Pima njia yako kabla ya kupima gari.

Chukua karatasi. Andika mwendo wako wa kawaida wa mwezi: kilomita ngapi ni lami, ngapi ni murram na mawe, na unabeba nini. Mfanyabiashara anayeshinda Eastleigh na kuja nyumbani wakati wa Idd hahitaji tairi lile linalomfaa msimamizi wa visima anayekwenda vijijini kila siku. Jibu la karatasi hiyo ndilo litakaloamua hatua ya 4, na ndiyo hatua ambayo watu huikosea zaidi.

Hatua ya 2. Soma ubavu wa tairi.

Chukua mfano wa tairi la Land Cruiser 200, ile tunayoiita V8: 285/60R18 116V.

- 285 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 60 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana. Asilimia 60 ya 285 ni milimita 171.
- 18 ni kipimo cha rimu kwa inchi.
- 116 ni namba ya uzito. Maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,250.
- V ni herufi ya kasi, hadi kilomita 240 kwa saa.

Namba ya uzito usiishushe kamwe, hata muuzaji akikuambia tofauti ni ndogo. Tairi lenye namba ndogo huenda likawa laini na la bei nafuu, lakini likibebeshwa familia, jerikeni za maji na mizigo ya juu, linakunjika kupita kiasi, na unarudi kwenye hadithi ya joto.

Herufi ya kasi haina uzito huohuo kwako. Tairi lenye S (kilomita 180) au T (kilomita 190) linatosha barabara zetu, mradi kitabu cha gari lako kinaruhusu.

Hatua ya 3. Tazama rimu zako kwa jicho kali.

Hapa ndipo utulivu mwingi unapotea. Ubavu ndio godoro la gari: kadiri rimu inavyokuwa kubwa, godoro linakuwa jembamba. Linganisha vipimo hivi vya kiwandani:

- Prado 150, 265/65R17: ubavu milimita 172.
- Prado 150, 265/60R18: ubavu milimita 159.
- Land Cruiser 200, 285/60R18: milimita 171.
- Land Cruiser 300, 265/65R18: milimita 172. Ile yenye 265/55R20: milimita 146.
- Lexus LX570, 285/50R20: milimita 143 hivi.
- Range Rover ya kabla ya 2022, 255/55R20: milimita 140. Yenye 275/40R22: milimita 110 tu.

Milimita 110 za raba kati ya rimu na jiwe la chokaa lenye ncha ni chache mno. Rimu ya 22 hupendeza ikipita mbele ya hoteli, lakini kwa mtu wa Kutulo naiona kuwa ni gharama isiyo na faida: kelele zaidi, mtetemo zaidi, rimu zinazopinda, na tairi ambalo huwezi kulipata Wajir likipasuka.

Kwa hiyo, kama gari lako lina rimu kubwa, fikiria kushuka. Prado inaweza kutoka 265/60R18 kwenda 265/65R17, na kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa, milimita 775 na 776. Lexus LX570 inaweza kutoka 285/50R20 kwenda 285/60R18, tofauti ya chini ya asilimia 1. Land Cruiser 300 kutoka 265/55R20 kwenda 265/65R18, vivyo hivyo. Kimo kikibaki karibu sawa, spidomita haidanganyi na gia hazisumbuki.

Onyo: usinunue rimu ndogo kabla ya kuijaribu kwenye breki za mbele. Baadhi ya Range Rover zenye injini kubwa zina breki pana ambazo rimu ndogo haziwezi kuzifunika. Mwambie fundi afunge rimu tupu, aizungushe kwa mkono, na ahakikishe haigusi popote.

Hatua ya 4. Chagua aina: H/T au A/T. M/T iache.

Herufi hizi huwa zimeandikwa kwenye ubavu au katika jina la tairi.

H/T ni tairi la lami. Meno yamekaribiana, mifereji imezunguka kwa urefu, linanyamaza. Mfano wake ni Bridgestone Dueler H/T 684II, ambalo Prado nyingi zilitoka nalo kiwandani. A/T ni la njia mchanganyiko: meno makubwa kidogo, mapengo mapana kidogo, raba isiyokatika upesi kwenye mawe. Yokohama Geolandar A/T G015 ni mfano, na Dunlop Grandtrek AT25, ambalo Land Cruiser 200 nyingi zilikuja nalo, ni A/T ya upole iliyo karibu sana na H/T. M/T ni la tope. Linavuma lami nzima na linaisha haraka. Kwa gari la kifahari halina kazi, hata wakati wa deyr.

Hukumu yangu ni hii. Kama zaidi ya robo tatu ya safari zako ni lami, nunua H/T yenye ubavu mrefu, na kwenye mawe punguza mwendo. Kama unaishi Kutulo na unashinda kati ya Tarbaj, Elwak na vijiji vya pembeni, nunua A/T ya upole. Watu wengi wa njia hii wanaangukia kundi la pili, na wasijute kwa kelele kidogo za ziada. Miiba ya mgunga na mathenge haimwonei huruma mwenye ubavu mwembamba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi. A/T nyingi huuzwa kwa miundo miwili yenye jina lilelile. Mmoja una herufi LT mbele ya kipimo, mwingine hauna. Lenye LT ni la kazi nzito: mbavu zake ni nene, na baadhi, kama BFGoodrich All-Terrain KO2, zina tabaka tatu. Linastahimili mawe kuliko yote, lakini ni zito, ni gumu, lina kelele zaidi, na linahitaji upepo mwingi kuliko ulioandikwa mlangoni ili kubeba uzito uleule. Ukilinunua kwa kutojua, utashangaa kwa nini gari limekuwa kama lori. Mwenye kubeba mizigo mizito kila siku kwenye mawe alichukue. Wengine wachukue lisilo na LT, lenye namba ya uzito iliyo sawa na ya kiwanda au zaidi.

Hatua ya 5. Lihukumu kwa macho na vidole.

Dukani liweke tairi chini ya mwanga.

1. Tazama meno ya ukingoni. Yapime kwa upana wa kidole. Kama yanatofautiana urefu, mtengenezaji amefikiria kelele.
2. Tazama kama kati ya jino na jino kuna kidaraja cha raba kinachoyaunganisha. Vidaraja huzuia meno yasichezecheze na yasilike upande mmoja.
3. Tafuta mipasuko myembamba juu ya meno. Mingi ni dalili ya ulaini, ila kwenye kokoto kali huanza kumeguka, kwa hiyo mtu wa mawe asitafute mingi kupita kiasi.
4. Tafuta maandishi TEMPERATURE A, B au C kwenye ubavu. A ndiyo inayostahimili joto zaidi. Kwetu chukua A ikipatikana, B kama hakuna budi, C hapana. Matairi ya LT mara nyingi hayana maandishi haya.

Ukiona karatasi ya Ulaya yenye picha ya tairi na herufi A, B au C karibu na alama ya sauti, jua inapima kelele za nje, kwa mtu aliyesimama kando ya barabara. Inasaidia kulinganisha tairi na tairi, lakini haikuahidi ukimya ndani ya gari.

Hatua ya 6. Soma tarehe ya kuzaliwa.

Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kiwanda cha matairi cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza Yana kilifungwa mwaka 2016, kwa hiyo tairi jipya unaloliona dukani limesafiri baharini na kukaa ghalani. Raba inazeeka hata bila kutembea, ikawa ngumu, na ugumu ni kelele. Lenye zaidi ya miaka miwili toka kiwandani likatae au lipunguziwe bei sana. Tarehe huwa imeandikwa upande mmoja tu wa tairi, basi geuza pande zote mbili.

Hatua ya 7. Nunua manne, na uikumbuke spea.

Prado 150, Land Cruiser 200 na Range Rover huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Ukiweka matairi mapya mbele na makuukuu nyuma, vimo vinatofautiana, na difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hadi ichoke. Matengenezo yake ni ghali kuliko matairi mawili uliyoyaokoa. Kama fedha zinaruhusu nunua matano, spea nayo iingie kwenye mzunguko. Kama haziruhusu, chagua lililo bora kati ya yale makuukuu liwe spea, na ulikague umri. Spea ya miaka kumi chini ya gari, hata ikiwa na meno yote, ni ya kutupwa.

KISANDUKU: GARI LILILOTOKA JAPANI NA MATAIRI YA BARIDI

Baadhi ya magari yaliyotumika huja Mombasa kutoka Japani yakiwa bado na matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS, au ICE ndani ya jina lake, na kwa mipasuko mingi sana myembamba kama nywele. Raba yake imetengenezwa ili ibaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Garissa inalainika kupita kiasi, gari linayumba, breki zinachelewa kushika, na meno yanaisha mbio. Kwa siku za kwanza dereva atayasifu kwa kuwa yanakwenda kimya. Yatoe kabla ya safari ndefu ya kwanza, hata kama yanaonekana mapya.

Alama ya mlima wenye chembe ya theluji peke yake isikutishe. Baadhi ya A/T nzuri, ikiwemo Geolandar G015, zimepewa alama hiyo na ni salama kwenye joto.

KUFUNGA: FEDHA NYINGI HUPOTEA HAPA

Tairi bora lililofungwa vibaya linapiga kelele kuliko tairi la wastani lililofungwa vizuri. Ukinunua Nairobi na kupakia kwenye lori la kwenda kaskazini ili fundi wa nyumbani afunge kwa vyuma na nyundo, umelipia utulivu ambao hutaupata. Afadhali gari lenyewe lifungwe mahali penye mashine ya balansi na ya alainimenti, hata kama ni kusubiri safari ijayo ya Garissa au Nairobi.

1. Simama karibu wakati tairi linavalishwa. Ukingo wa ndani usichanwe na chuma.
2. Valvu ziwe mpya. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na jua hupasua valvu kuukuu.
3. Balansi ifanywe kwa kila gurudumu, spea nayo. Namba kwenye mashine ziishie sifuri pande zote mbili.
4. Alainimenti ifanywe siku hiyohiyo. Magurudumu yaliyopinda kidogo hula meno kama msumeno, na baada ya muda tairi lililokuwa tulivu linaanza kuvuma.
5. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa mpangilio wa msalaba. Zikague tena baada ya takriban kilomita 100.

Usikubali "dawa ya pancha" imiminwe ndani ya matairi mapya. Dawa hiyo hukusanyika sehemu moja gari likisimama, inaharibu balansi, na inamchafulia fundi kazi siku ya kuweka kiraka cha kweli. Nitrojeni nayo usiilipie. Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 nitrojeni, na ukipungukiwa katikati ya Tarbaj na Kutulo utaongeza hewa ya kawaida.

UPEPO: KANUNI ZA NJIA YETU

Kibandiko cha upepo kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukibadilisha kipimo cha rimu au ukinunua LT, muulize muuzaji akusomee upepo sahihi kwenye jedwali la uzito la tairi hilo, na uandike namba mpya kwenye karatasi uibandike hapohapo.

- Pima asubuhi kabla ya jua, gari likiwa halijatembea. Kwa kila nyuzi 6 hivi za joto, upepo hupanda kwa psi 1. Ukijaza 34 alfajiri na kukuta 39 adhuhuri, tairi liko sawa. Usiutoe. Ukiutoa, utakuwa umelipunguzia upepo tairi lenye joto.
- Kwenye murram ndefu yenye vijituta na gari halijabeba sana, unaweza kushusha hadi 27 au 28, na mwendo usizidi kilomita 60 kwa saa. Mtetemo utapungua mara moja.
- Kwenye mchanga mzito wa laga, shusha hadi 18 au 20, mwendo wa kilomita 30, na usikate kona kali, tairi lisije likatoka kwenye rimu.
- Kabla hujaingia lami, rudisha upepo wote. Ndiyo maana kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri, yenye kipimo chake, ni sehemu ya ununuzi wa matairi. Usiondoke Nairobi bila hiyo.

KABLA YA KULILAUMU TAIRI

Mvumo unaobadilika ukikata kona mara nyingi ni beringi. Usukani unaotetemeka kwa kasi fulani tu ni balansi au rimu iliyopinda. Mlio wa kugongagonga kwenye vijituta ni bushi. Mvumo ambao unatoweka ukiingia kwenye lami laini na kurudi ukiingia kwenye lami ya kokoto ni barabara yenyewe, na hakuna tairi litakaloumaliza. Vikague hivi kwanza, ili usitoe fedha za matairi manne kwa kosa la beringi moja.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kununua tairi pana kuliko la kiwandani ili gari "likae vizuri." Upana huongeza kelele, na tairi hugusa fenda ukikata usukani.

Kuziba tundu la ubavuni. Mwiba ulioingia kwenye uso wa tairi unazibika. Ulioingia ubavuni hauzibiki kwa usalama, fundi aseme asemavyo. Tairi hilo limekwisha.

Kusubiri hadi alama za kiwanda zionekane. Vinundu vilivyo ndani ya mifereji huonyesha kwamba meno yamebaki milimita 1.6. Huo ni mwisho wa mwisho. Kwa miiba na mawe yetu, badilisha yakifika milimita 3 au 4.

Kuchagua matairi ya run-flat, yaani yale yenye mbavu ngumu za kutembelea bila hewa, kwa ajili ya usalama wa njia. Nia ni njema. Lakini ubavu wake ni mgumu, unapiga mgongo, na umbali wake ukiwa na pancha ni mfupi kuliko pengo kati ya miji yetu. Spea kamili ni bora.

ORODHA YA KUKATA NA KWENDA NAYO DUKANI

☐ Kipimo ni kile cha gari langu, au mbadala wenye kimo sawa
☐ Namba ya uzito haijashuka
☐ Ni H/T au A/T kulingana na karatasi yangu ya njia
☐ Najua kama ni LT au la
☐ Temperature A, au angalau B
☐ DOT haijazidi miaka miwili, na yote manne yamekaribiana tarehe
☐ Alama ya KEBS ipo
☐ Si tairi la theluji
☐ Bei ina valvu, balansi na alainimenti
☐ Risiti imeandikwa kipimo na DOT

Na ukimkuta muuzaji anayekuharakisha, mwambie tu: "Walaal, ndugu yangu, ngoja nisome." Muuzaji mwema atakuletea tochi.

GARINI, KILA SAFARI YA KASKAZINI

Spea yenye upepo, jeki na ubao mnene wa kuiweka juu ya mchanga, wilispana inayolingana na nati zako, vifaa vya kuziba pancha za tubeless, kompresa, kipimo cha upepo, tochi, na maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Ifanyie mazoezi kazi ya kubadilisha gurudumu nyumbani mara moja, maana baadhi ya magari haya huhitaji ufunguo wa pekee kushusha spea.

Panga safari imalizike jua likiwa bado juu, na ukipita Wajir kwenda juu fuata maelekezo ya polisi kuhusu misafara na saa za kutembea. Mandera imewahi kuwekewa amri za kutotoka usiku, na gurudumu lililopasuka baada ya magharibi linakuweka mahali ambapo hutaki kuwa.

Matairi yakishafungwa, yahamishe mbele na nyuma kila kilomita 8,000. Kama unakaa kwenye murram zaidi, kila 5,000. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi ileile ya upepo mlangoni, ili yeyote atakayeendesha gari lako azisome.